Sewa Haji: Tajiri wa misafara aliyewaachia wagonjwa mali yake

JINA la Sewahaji hutamkwa kila siku katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Ndugu wa wagonjwa huulizana njia ya kwenda Sewahaji, wauguzi hupeleka wagonjwa Sewahaji, na wengi wanaolitamka hudhani kuwa ni jina la daktari wa zamani.

Muhimbili ni kituo cha mwisho kwa Mtanzania anayehitaji matibabu makubwa. Mgonjwa kutoka Endasak, wilayani Hanang, ambaye maradhi yake yameshindikana Katesh, Babati na hata katika hospitali ya rufaa ya kanda huko Moshi, anaweza kujikuta amesafiri mamia ya kilomita hadi katika wodi zake. Haulizwi kabila, dini wala rangi.

Lakini Sewa Haji Paroo hakuwa daktari, wala hakupata kuwa mtawala. Alikuwa mfanyabiashara wa Zanzibar na Bagamoyo, aliyejipatia utajiri mkubwa kwa kukodisha wapagazi, kununua pembe za ndovu na kuuza nguo, shanga na baruti katika karne ya 19.

Alifariki dunia Februari 1897 akiwa hajatimiza umri wa miaka 50. Katika miaka yake ya mwisho alitoa shule, alitoa hospitali, na kwa wosia wake aliacha nyumba na viwanja ili mapato yake yawasaidie wagonjwa na wenye ukoma.

Leo hakuna duka lake linalofanya kazi Bagamoyo, wala msafara wake unaokwenda Ujiji. Biashara yake ilikufa zaidi ya karne moja iliyopita. Kilichobaki hai ni kile alichokitoa.

Mtoto wa dukani

Sewa Haji alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia iliyotoka Kutch, kaskazini magharibi ya India. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani Sayyid Said, aliyehamishia makao yake visiwani na kuwakaribisha wafanyabiashara wa Kihindi waje kukuza biashara ya nje.

Wahindi hao walikuwa wauzaji wa jumla, wakopeshaji na watunza hesabu wa pwani nzima. Mwarabu au Mswahili aliyetaka kwenda bara kutafuta pembe alichukua bidhaa kwao kwa mkopo, akarudi baada ya mwaka mmoja au zaidi kulipa deni kwa pembe.

Familia ya Sewa Haji ilikuwa na biashara Zanzibar na kwa upande wa pili wa bahari, Bagamoyo. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi, kijana huyo aliingia katika biashara ya baba yake na baada ya muda akaishika yeye mwenyewe.

Miaka aliyoanzia kazi haikuwa ya neema. Kati ya mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu Zanzibar na katika pwani ya bara. Mji wa Zanzibar ulizika watu kila siku, na misafara iliyotoka bara ilipoteza wapagazi njiani. Kijana wa dukani aliona mapema jinsi maradhi yanavyoweza kumaliza watu mahali pasipo na hospitali.

Jina lake katika kitabu cha Stanley

Mara ya kwanza jina la Sewa Haji kusomwa Ulaya na Marekani, halikutajwa kwa sifa. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alifika Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone.

Stanley alihitaji wapagazi zaidi ya mia moja. Tajiri mkubwa wa Zanzibar, Tharia Topan, alimpa barua ya kumtambulisha kwa kijana Sewa Haji, ambaye ndiye aliyeshughulika kumtafutia watu na kuwafungia mizigo.

Wawili hao hawakuelewana. Stanley alikaa Bagamoyo karibu wiki sita, akagombana na kijana huyo kuhusu hesabu za vitambaa na malipo ya wapagazi. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872 alimwandika kwa jina lililoharibika, Soor Hadji Palloo, na akamchora kama mjanja aliyetaka kumpunja kila siku.

Ni vigumu leo kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi huo. Stanley alikuwa mgeni mwenye haraka na ulimi mkali, naye Sewa Haji alikuwa kijana wa miaka 20 aliyejifunza biashara mahali ambapo kila pima ya nguo iligombaniwa. Pamoja na hayo, haifai kumfanya malaika. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara kweli kweli, mwenye jicho la faida.

Ugomvi huo haukumwangusha. Katika miaka iliyofuata alikuja kuwa mmoja wa watu wakubwa kabisa katika biashara ya wapagazi pwani ya Mrima. Wamisionari waliokwenda Uganda, wapelelezi na maofisa wa Kijerumani walilazimika kupita mlangoni kwake, kwa sababu bila wapagazi hakuna aliyeweza kwenda popote.

Mabega ya wapagazi

Ili kuuelewa utajiri wa Sewa Haji, ni lazima kuielewa kazi ya mpagazi. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda katika sehemu kubwa ya njia, na reli haikuwapo. Kila kilichokwenda bara na kila kilichotoka bara kilibebwa kichwani na mabegani mwa binadamu.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora katika Unyamwezi, na kutoka hapo ikagawanyika kwenda Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika na kwenda Uganda. Kutoka pwani hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, safari ya miezi mitatu au zaidi kwa miguu.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, sawa na kilo 32. Waliobeba wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, waliokuja pwani kila mwaka kwa maelfu, wakapiga kambi Bagamoyo wakisubiri msafara wa kurudi nao.

Kwenda bara walibeba merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu, na pamoja nazo zilikuja pembe za faru, nta, ngozi na sandarusi. Hizo ndizo zilizokuwa bidhaa za Sewa Haji.

Biashara hiyo ilikuwa na doa. Pembe za ndovu zilikwenda sambamba na biashara ya watumwa, na bunduki zilizouzwa na wafanyabiashara wa pwani zilichochea vita katika nchi za bara. Aliyeuza baruti Bagamoyo hakuweza kudai kuwa hajui inakolipuka.

Wapagazi nao walilipa kwa miili yao. Ndui, kuhara damu na vidonda vya miguu viliwaangusha wengi njiani. Katika miaka ya 1890 funza walienea kutoka magharibi mwa Afrika hadi pwani ya mashariki, wakifuata njia zile zile za misafara, na kuwafanya vilema watu waliokosa dawa. Aliyeumwa akashindwa kutembea mara nyingi aliachwa nyuma.

Wapagazi hao ndio waliojaza hazina ya Sewa Haji. Walipofika Bagamoyo wakiwa wagonjwa, hawakuwa na jamaa wala nyumba. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mjini hapo mwaka 1868, waliwapokea baadhi yao, lakini misheni moja haikuweza kuwatosheleza wote.

Vita na utawala mpya

Mwaka 1888 mambo yalibadilika ghafla. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijaribu kushika ushuru na utawala wa pwani, na wananchi wakainuka. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita vilivyoikumba Pangani, Bagamoyo na miji mingine.

Bagamoyo ilipigwa, nyumba zilichomwa, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi walikimbilia Zanzibar. Hermann von Wissmann alikuja na jeshi mwaka 1889, na Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Serikali ya Kijerumani ilipotulia, iliutumia mji wa Bagamoyo kama makao yake makuu, na mwaka 1891 ikayahamishia Dar es Salaam. Kwa wafanyabiashara, uamuzi huo ulikuwa na maana moja: viwanja vya Dar es Salaam vitapanda bei, na Bagamoyo itaanza kupoa.

Wakati huo huo biashara ya zamani ilianza kubanwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uuzaji holela wa bunduki na baruti. Tembo walikuwa wamepungua katika maeneo mengi ya karibu. Sotoka iliua ng'ombe wa wafugaji wa bara, na katikati ya miaka ya 1890 nzige na ukame vilileta njaa.

Sewa Haji alikuwa amekwisha kununua nyumba na viwanja Bagamoyo na Dar es Salaam, na mali hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Mfanyabiashara mwenye akili ya kawaida angeshika mali hiyo kwa mikono miwili, asubiri bei ipande, na kuwaachia warithi wake utajiri wa vizazi vitatu.

Yeye alifanya kinyume.

Shule ya watoto wote

Mwaka 1892 Sewa Haji aliipa serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa mjini Bagamoyo ili liwe shule. Nia yake ilikuwa kwamba shule hiyo iwapokee watoto wa rangi na dini zote.

Kwa msomaji wa leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini kwa pwani ya wakati ule halikuwa hivyo. Mtoto wa Kiislamu alikwenda chuoni kusoma Korani. Mtoto wa misheni alisoma kwa mapadre. Mtoto wa Kihindi alifundishwa hesabu na maandishi ya Kigujarati na watu wa jamaa yake. Kila jumuiya ilikuwa na mlango wake, na mtoto wa mpagazi au wa mtumwa aliyeachwa huru mara nyingi hakuwa na mlango wowote.

Jengo alilolitoa lilifungua mlango mmoja kwa wote. Ndiyo maana shule ya Sewa Haji ya Bagamoyo hutajwa mpaka leo kuwa miongoni mwa shule za kwanza katika nchi hii kufungua milango kwa Mwafrika na Mhindi kwa pamoja.

Hilo halikuwa dogo kwa mtu wa jumuiya yake. Jumuiya za Kihindi za wakati ule zilikuwa zinajitegemea, na fedha za sadaka zilitarajiwa kuanzia nyumbani: jamatkhana, yatima wa jumuiya, wageni waliotoka India. Sewa Haji alikuwa Mwismailia wa kweli, lakini sadaka yake kubwa aliitoa nje ya mipaka ya jamaa yake.

Hospitali ya wasiokuwa na hospitali

Zawadi iliyolifanya jina lake lisisahaulike ni hospitali ya Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa unakua haraka baada ya kufanywa makao makuu. Walikuja askari, vibarua wa majengo, makuli wa bandarini na wapagazi. Pamoja nao yalikuja maradhi.

Serikali ilipanga hospitali nzuri kando ya bahari kwa ajili ya Wazungu. Hiyo ndiyo hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, ambako mtaalamu maarufu wa vijidudu, Robert Koch wa Ujerumani, alifanya uchunguzi wake wa maradhi ya nchi za joto. Leo ni taasisi ya saratani.

Lakini Mwafrika na Mhindi hawakuwa na nafasi katika wodi hizo. Sewa Haji alitoa fedha ili ijengwe hospitali kwa ajili yao, na hospitali hiyo ikapewa jina lake. Hivyo katika mji mmoja na karibu wakati mmoja zikawapo hospitali mbili: moja iliyojengwa na dola kwa ajili ya wachache waliotawala, na nyingine iliyoanzishwa kwa mfuko wa mfanyabiashara kwa ajili ya wengi waliotawaliwa.

Kwa zaidi ya miaka 50, mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam aliyeumwa alikwenda Sewa Haji. Utawala wa Wajerumani ulipita, Waingereza wakaja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini jina la hospitali halikubadilika vinywani mwa watu.

Wosia

Wapo wanaoweza kusema kwamba mfanyabiashara anayeipa serikali jengo hutafuta upendeleo. Serikali ya Kijerumani ndiyo iliyotoa vibali, ndiyo iliyokodisha wapagazi, na ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa kuliko wote. Hoja hiyo ina uzito, na huenda katika mwaka 1892 hesabu ya namna hiyo ilikuwapo.

Lakini wosia hauwezi kuelezwa hivyo. Marehemu hahitaji kibali, wala hatafuti zabuni. Sewa Haji alipofariki Februari 1897, mali yake isiyohamishika ya Bagamoyo na Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwekewa kazi: mapato yake yatumike kuwatunza wenye ukoma na kuwalisha wagonjwa wa hospitali.

Masharti hayo mawili yanaonyesha kuwa aliyeyaweka aliwajua maskini wa mji wake. Mwenye ukoma wakati huo alikuwa mtu aliyefukuzwa na kila mmoja. Hakuna aliyemkopesha, hakuna aliyemwajiri, na mara nyingi hata ndugu zake walimwogopa. Kumpa fedha mtu kama huyo hakumletei mtoaji sifa wala mteja.

Chakula cha wagonjwa nacho ni jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau. Ni rahisi kutoa fedha ya jengo, kwa kuwa jengo huonekana na huandikwa jina. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyelazwa Dar es Salaam hakuwa na mke wala mama wa kumletea uji. Bila chakula, dawa pekee haimwinui mtu kitandani.

Hapa ndipo tofauti ya Sewa Haji na matajiri wengine inapoonekana. Matajiri wengi hutoa sehemu ya faida na kulinda mtaji. Yeye aligusa mtaji wenyewe. Nyumba na viwanja vilivyoweza kuiendeleza biashara yake kwa kizazi kingine vilielekezwa kwa watu ambao hawangeweza kumlipa.

Msaidizi aliyefuata nyayo

Biashara ya misafara ilipita mikononi mwa wengine. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Allidina Visram, kijana wa Kiismailia kutoka Kutch aliyefika Bagamoyo na kupata kuwa msaidizi wa Sewa Haji. Baada ya kifo cha bwana wake aliendeleza biashara hiyo, akafungua maduka kufuata Reli ya Uganda, na kuwa tajiri mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki ya wakati wake.

Visram alifariki mwaka 1916. Baada ya muda mfupi himaya yake ya maduka ilififia na kusambaratika. Lakini shule ya sekondari iliyojengwa Mombasa kwa kumbukumbu yake bado inafundisha wanafunzi hadi leo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Tharia Topan, yule aliyempa Stanley barua ya utambulisho. Topan alifariki mwaka 1891, na biashara yake ya ushuru na mikopo imebaki katika vitabu vya historia. Lakini jengo zuri lililoanzishwa kwa fedha zake kama hospitali mwaka 1887, na baadaye kuwa zahanati, bado limesimama katika Mji Mkongwe wa Zanzibar likitazama bahari.

Watu watatu, biashara tatu kubwa, na hakuna hata moja iliyodumu. Vilivyodumu ni hospitali na shule.

Hata kama Sewa Haji angeishi miaka 30 zaidi na kushika kila senti, biashara yake ya wapagazi isingeponea. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya wapagazi. Bagamoyo ikabaki mji wa magofu na wavuvi.

Kutoka Sewa Haji hadi Muhimbili

Katikati ya miaka ya 1950, hospitali ya zamani ilikuwa imezidiwa na ongezeko la watu. Serikali ya Uingereza ilijenga hospitali mpya na kubwa, ambayo ilifunguliwa mwaka 1956 na kupewa jina la Princess Margaret, dada wa Malkia Elizabeth wa Pili, aliyeitembelea Tanganyika mwaka huo.

Jina la binti mfalme halikudumu. Baada ya Uhuru, hospitali ilichukua jina la Muhimbili. Mwaka 1963 ilianza hapo shule ya udaktari, iliyokua na kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Mwaka 1976 hospitali na mafunzo viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili, na mwaka 2000 sheria ya Bunge ikaifanya Hospitali ya Taifa.

Majina mengi ya enzi za ukoloni yalifutwa nchini katika kipindi hicho. Mitaa, shule na viwanja vilipewa majina mapya, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini jina la mfanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19 lilihamishiwa hospitali mpya na kubaki kwenye jengo la wodi, pamoja na majina kama Mwaisela na Kibasila.

Hakuna sheria iliyolazimisha jina hilo libaki. Lilibaki kwa sababu watu wa Dar es Salaam walikuwa wamelitumia kwa zaidi ya nusu karne wakimaanisha mahali maskini anapotibiwa.

Funzo kwa matajiri wa leo

Maisha ya Sewa Haji yanaacha swali gumu kwa wafanyabiashara wa leo. Misaada inayotolewa sasa mara nyingi huambatana na hundi kubwa ya mfano, kofia, fulana na kamera. Mtoaji hupata tangazo, mpokeaji hupata mfuko wa unga, na siku ya pili kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake.

Si kwamba misaada hiyo haina maana. Desemba 3, mwaka 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani, Watanzania wa kila hali walitoa chakula, mablanketi na fedha. Wenye maduka madogo walitoa, na wakulima ambao wenyewe hawakuwa na akiba walitoa. Kwa watu wa Hanang, kutoka Gendabi hadi Endasak, msaada wa siku zile haukuwa tangazo, bali uhai.

Lakini maafa ya siku moja huamsha huruma ya kila mtu. Jambo gumu zaidi ni kumkumbuka mgonjwa wa kila siku, yule ambaye maradhi yake hayatangazwi na hakuna anayefika na kamera kitandani kwake. Huyo ndiye Sewa Haji aliyemtengea chakula.

Jambo la pili ni kwamba alitoa akijua fedha yake ilikotoka. Ilitoka mabegani mwa wapagazi. Hakuna maandishi yanayothibitisha kuwa alijiona mdeni wao, lakini matokeo ya wosia wake yanafanana na ulipaji wa deni: mali iliyochumwa kwa jasho la watu wasio na jina ilirudi kuwa vitanda, uji na dawa kwa watu wa aina ile ile.

Ulipaji huo haufuti yote. Bunduki zilizouzwa Bagamoyo zilikwisha kufanya kazi yake bara, na waliofia njiani hawakurudi. Mtu mwadilifu hawezi kusema kuwa hospitali moja inasawazisha hesabu ya biashara nzima ya misafara. Anachoweza kusema ni kwamba wengi walitajirika katika biashara hiyo, na wachache sana walirudisha.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Matajiri wa Bagamoyo na Zanzibar walikuwa wengi katika miaka ya Sewa Haji. Wapo waliokuwa na pembe nyingi kuliko yeye, mashamba makubwa kuliko yake na majumba yenye milango iliyonakshiwa kuliko mlango wake. Majina ya wengi wao leo yanajulikana na watafiti tu.

Katika lugha nyingi za Bara Hindi, neno seva, linalofanana na jina la mfanyabiashara huyo, lina maana ya utumishi. Wazazi waliompa jina hilo mwaka 1851 hawakujua kuwa litaandikwa kwenye jengo la wagonjwa. Mwandishi aliyelipotosha mwaka 1872 hakujua pia.

Wanaolijua vizuri zaidi ni wale wanaolala humo leo wakisubiri kupona, ambao hawana haja ya kumjua mtoaji ili wapokee alichotoa.